Beberu wa Msaada Naye Aulizwe Mamaye

Mwenzangu mmoja ninayefundisha naye chuoni alinunua mtoto wa mbwa mwanzoni mwa mwaka huu. Alikuwa mbwa wa aina ya German Shepherd, wa kulinda lango la nyumba yake jijini Nairobi. Kabla ya kutoa fedha, alimtaka muuzaji amwonyeshe picha za eksirei za nyonga za baba na mama wa mbwa huyo. Aliposimulia kisa hicho katika chumba tunamonywea chai, wahadhiri wengine waliangua kicheko. Mmoja akauliza iwapo mahari nayo ilikwisha kulipwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimerejea kutoka kwetu Sericho majuma mawili kabla ya siku hiyo, na huko nilikuwa nimeona jambo lililonifanya nitamani kwamba mtu fulani angaliuliza swali kama lile kuhusu beberu mmoja mweupe. Aliyepaswa kulisisitiza swali hilo ni mimi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tumalize habari za mbwa, maana ndizo zinazotupa kipimo. Ombi la mwenzangu halikuwa maringo ya watu wa mjini. Mbwa wa aina kadhaa wenye maumbo makubwa hurithi ubovu wa nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake, kiungo husagika mwaka baada ya mwaka, na mnyama huishia kuchechemea kwa maumivu. Mbwa aweza kuonekana mzima kabisa akiwa kijana, akazalishwa, na ubovu ukaja kudhihirika baada ya watoto wake kwisha kuuzwa. Ndiyo sababu huko Marekani kiliundwa chama mahususi mnamo mwaka 1966, Orthopedic Foundation for Animals, cha kuzikagua picha za nyonga za mbwa kabla hawajazalishwa. Mnamo 1993 wanasayansi waligundua kosa la jeni linalowapofusha mbwa wa aina ya Irish Setter, na tangu hapo ikawezekana kumtambua kwa kipimo cha damu mbwa anayeona vizuri ilhali amebeba upofu wa watoto wake.

Kanuni inayotokana na hayo ni moja: afya ya mzazi machoni petu si dhamana ya afya ya kizazi chake. Anayetaka kuzalisha mnyama hana budi kumchunguza mnyama mwenyewe, wazazi wake, na hata watoto aliokwisha kuwazaa. Wenye mbwa wa kifahari wamelielewa jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Swali langu ni hili: kwa nini mbwa wa kulala langoni aulizwe wazazi wake, ilhali beberu atakayezaa mbuzi wa kunyonyesha watoto wa kijiji kizima asiulizwe lolote?

Sericho iko katika wilaya ndogo ya Garbatulla, kaunti ya Isiolo, kwenye tambarare ambako mto Ewaso Nyiro huelekea kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Wenyeji walio wengi ni Waborana, na mali yao ni ng'ombe, ngamia, kondoo na mbuzi. Mali hiyo imepukutika zaidi ya mara moja. Wazee wetu waliipoteza wakati wa Vita vya Shifta katika miaka ya sitini. Sisi tumeishuhudia ikiteketea baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Katika ukame huo Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mama yangu mzazi alikuwa na mbuzi sitini na kitu. Alibaki na mbuzi jike kumi na mmoja.

Mvua kubwa za mwisho wa 2023 ziliporudisha majani, mradi mmoja ulifika kugawa mifugo kwa familia zilizoathirika. Sitautaja kwa jina, kwani waliouendesha walikuja kwa nia njema. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Desemba. Lori lilifunguliwa, na sehemu ya mama ikawa beberu mweupe, mrefu, mwenye kifua kipana na asiye na pembe hata moja. Alikuwa ametoka nyanda za juu, na damu ya mbuzi wa maziwa wa Kizungu ilionekana katika masikio na kimo chake. Majirani walimtazama kwa husuda.

Mama alimzunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akauliza kwa Kiborana: "Mama yake ni nani?"

Afisa aliyekuwa akigawa hakujua Kiborana, hivyo nikawa mkalimani. Alipolisikia swali alitabasamu, akajibu, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Amechanjwa, na ana namba sikioni." Nikamfasiria mama jibu hilo. Mama akasema kwamba hakuuliza habari za chanjo. Na mimi, mwanawe niliyesomeshwa kwa mbuzi wale wale, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Mpokee tu, mama. Watu wanangoja." Swali lake sikulirudia kwa afisa. Jioni nililiandika katika daftari langu la utafiti wa lugha, kama mfano mzuri wa sentensi ya kuuliza.

Mbuzi wa mama waliosalia, wengi wao pia hawana pembe. Katika misimu miwili ya kuzaa walipatikana watoto 19. Madume tuliwatambua mapema. Waliobaki tulidhani ni majike, na mama akaanza kuwahesabia maziwa ya mwaka unaofuata. Lakini watatu kati yao walivyozidi kukua ndivyo walivyozidi kutatanisha. Walinuka kama mabeberu, wakawapanda wenzao, na maumbile yao ya nyuma hayakuwa ya jike wala ya dume. Hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Katika kamusi zetu mnyama wa namna hiyo huitwa huntha. Wachungaji vijana walianza kunong'ona kuwa kuna jicho la hasidi. Mama hakunong'ona na mtu. Aliwauza watatu hao kwa mchinjaji, kwa bei ya nyama.

Kwa msomaji wa mjini mbuzi watatu ni hasara ndogo. Kwa mjane mwenye mbuzi kumi na mmoja, majike watatu ni zaidi ya robo ya kundi zima. Tena kila jike hubeba majike wengine tumboni mwake, watakaobeba wengine. Aliyempoteza jike mmoja leo amepoteza kundi dogo la miaka mitano ijayo, na maziwa ya wajukuu, na karo.

Nilipiga simu kwa rafiki yangu ambaye ni daktari wa mifugo, nikamweleza dalili kwa urefu. Hakuningoja nimalize. Aliuliza swali moja tu: "Beberu ana pembe?" Nikasema hana. "Na mbuzi jike?" Nikasema wengi hawana. Akashusha pumzi, akaniambia kwamba jambo hilo si geni hata kidogo.

Naam, si geni. Mwaka 1944 mtaalamu aitwaye S. A. Asdell aliandika katika jarida la Science kwamba mbuzi huntha walielekea kuhusiana na jeni ya kukosa pembe. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha chanzo chenyewe: kipande cha vinasaba kimekatika na kupotea katika kromosomu ya kwanza ya mbuzi. Kila mnyama hupokea nakala mbili za jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Mbuzi akipokea nakala moja yenye upungufu huo huzaliwa bila pembe na huwa mzima wa afya. Akipokea nakala mbili, naye kwa asili ya mbegu ni jike, viungo vyake vya uzazi hupotoka na hawezi kuzaa. Dume mwenye nakala mbili hubaki dume, ingawa baadhi yao mirija ya mbegu huziba.

Hesabu yake ni nyepesi. Wazazi wote wawili wakiwa hawana pembe, na kila mmoja amebeba nakala moja, basi kwa wastani jike mmoja katika kila wanne atakuwa huntha. Beberu akiwa na nakala mbili, watakuwa wawili katika kila wanne. Lakini mmoja wa wazazi akiwa na pembe alizozaliwa nazo, mtoto hawezi kupata nakala mbili, na hatari hiyo huondoka kabisa. Kwa hiyo kinga yote imo katika kanuni moja isiyohitaji maabara wala shilingi: katika kila jozi, mmoja awe na pembe. Tahadhari iliyopo ni kwamba wako mbuzi ambao pembe zao zilichomwa wakiwa wachanga. Hao sharti muuzaji aulizwe na kovu litafutwe kwa kidole.

Maarifa hayo yalikuwa yamechapishwa kwa karibu miaka themanini siku lile lori lilipofunguliwa Sericho. Hayakupanda lorini.

Sasa nirudi kwenye swali la mama, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama hajui habari za kromosomu, na swali lake halikuhusu pembe. Aliuliza mama ya beberu kwa sababu ndivyo wafugaji wetu wanavyochunguza mbegu. Dume halichaguliwi kwa kifua chake pekee. Huulizwa mamaye alitoa maziwa kiasi gani wakati wa kiangazi, alizaa mara ngapi, aliwahi kutupa mimba au la, na ndugu zake wa tumbo moja waliishia wapi. Dume lisilo na majibu mazuri huhasiwa, likanenepeshwa na kuuzwa. Mbele ya utaratibu huo, kuhasi ni zaidi ya njia ya kupata nyama laini. Ni mtihani, na walio wengi hushindwa.

Watu wenyewe huishi kwa kanuni ya jinsi hiyo. Waborana wamegawanyika katika nusu mbili kuu, Sabbo na Gona, na kwa mila mtu wa nusu moja huoa katika nusu ya pili. Mtoto hufundishwa ukoo wake mapema ili ajue asikoweza kuoa. Jamii iliyozoea kuuliza nasaba kabla ya posa haiwezi kushangaa nasaba ikiulizwa kabla ya beberu kuingizwa zizini.

Kiswahili nacho kimelihifadhi wazo hili. Mnyama jike azaaye huitwa koo, na jamaa wa damu moja huitwa ukoo. Neno nasaba, tulilolipata kutoka Kiarabu, lina maana ya asili ya mtu kupitia wazazi wake. Wataalamu walipohitaji jina la zile chembe ndogo kabisa zinazobeba urithi wa viumbe, walilishika neno hilo hilo wakatuundia vinasaba. Kwa hiyo mama alipouliza nasaba, na mtaalamu wa maabara anapopima vinasaba, wote wawili wanauliza jambo moja kwa vyombo tofauti. Kosa la siku ile ni kwamba mwenye chombo kimoja alimcheka mwenye kingine, naye mwenyewe hakuwa amekileta chake.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kumbukumbu za wazee zatosha. Kumbukumbu huona kilichodhihirika tu, kilichojificha huipita. Mfano mkubwa ni fahali mmoja wa Marekani wa aina ya Holstein, aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962. Nasaba yake iliandikwa kwa ukamilifu ambao mchungaji yeyote angeuonea wivu, na maziwa ya binti zake yalikuwa ya kupigiwa mfano. Kwa njia ya upandishaji wa mirija alipata mabinti 16,000, na wajukuu wa kike wapatao 500,000. Miongo kadhaa baadaye ndipo ilipogunduliwa kwamba alibeba kosa la jeni linaloua ndama tumboni iwapo limetoka kwa baba na kwa mama pia. Watafiti walikadiria mnamo 2016 kwamba kosa hilo limesababisha mimba zaidi ya 500,000 kuharibika duniani. Hapo nasaba iliyoandikwa haikusaidia. Vinasaba ndivyo vilivyofichua siri.

Kumbukumbu, kwa upande mwingine, ina adui wake. Adui huyo ni janga. Vita na ukame vikishaua mifugo, hufa pamoja nayo historia yake. Mbuzi anunuliwaye sokoni baada ya kiangazi hana mama anayejulikana, hana dada, hana shangazi. Ndiyo kusema kwamba wakati ambapo mfugaji amebakiwa na wanyama wachache, na kila uzao una thamani maradufu, ndio wakati ambapo njia yake ya asili ya kuchunguza imekatika. Wakati huo ndio mradi hufika. Na dume moja la mradi, likipandishwa katika mazizi manne au matano, huwa baba wa kizazi kizima cha mtaa mmoja.

Nimewahi kujibiwa kwamba mwenye njaa hachagui, na kwamba wakati wa dhiki mbuzi yeyote ni afadhali kuliko kukosa. Kuhusu mbuzi wa kuchinjwa, nakubali. Kuhusu beberu wa kuzalisha, nakataa. Mbuzi wa kuchinjwa akiwa na kasoro, kasoro huishia chunguni. Beberu akiwa na kasoro, huisambaza mwaka hadi mwaka, na atakayeilipia hakuwepo kwenye orodha ya ugawaji. Maskini hana ziada ya kufidia kosa la mbegu, na kwa sababu hiyo yeye ndiye anayehitaji uchunguzi zaidi kuliko tajiri.

Wala sidai mambo makubwa. Anayenunua mabeberu mia kwa fedha za umma au za wafadhili aweza kuchukua sampuli za damu au nywele na kuzipeleka maabara; gharama yake ikilinganishwa na bei ya wanyama na mafuta ya malori si ya kutisha. Asiyeweza hilo aanze na yasiyo na gharama. Atazame pembe za dume na za majike yatakayopandwa. Ahakikishe korodani zote mbili zimeshuka na taya zinakutana sawasawa, kwa maana kasoro hizo nazo hurithiwa. Aandike mahali dume lilikotoka na lilizaliwa na jike gani. Dume lisiachwe likafika kuwapanda binti zake mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi libadilishwe na la jirani wa mbali. Na akizaliwa mtoto mwenye kasoro, habari zisifichwe kwa haya wala kwa hofu ya kusemwa. Mwenye dume aambiwe, na dume pamoja na wanawe wa kiume wachunguzwe upya kabla hawajapandishwa tena.

Kwenu walimu, hasa mnaofundisha biolojia katika shule za nyanda kame, nina ombi. Somo la urithi wa viumbe hufundishwa kwa njegere za Gregor Mendel, na ni haki yake kufundishwa hivyo, kwa kuwa ndipo elimu hii ilipoanzia, mwaka 1866. Lakini mwanafunzi wa Sericho hajawahi kuona shamba la njegere. Nyumbani kwao kuna mbuzi wenye pembe na wasio nazo. Mpeni daftari. Mwambieni aandike kila jike kwa jina lake, mamaye, dume lililompanda, na watoto waliozaliwa. Baada ya misimu miwili atakuwa na hesabu za Mendel kutoka zizini kwao, na familia itakuwa na kumbukumbu ambayo ukame hauwezi kuiua. Nanyi wanafunzi, mnapowauliza wazee wenu habari za mifugo, msifanye kama nilivyofanya mimi. Nilihifadhi sarufi ya swali nikaacha maana yake.

Likizo iliyopita nilimweleza mama yote niliyojifunza kuhusu pembe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba lau mtu angalimwonyesha mama ya yule beberu na dada zake, huenda angaliona huntha mmoja au wawili miongoni mwao na kukataa. Sikuwa na jibu. Yule mweupe amekwisha kuhasiwa, na sasa zizini yuko beberu mwekundu wa jirani, mdogo wa umbo, mwenye pembe mbili zilizopinda kwa nyuma. Mama anamjua mamaye, na mama ya mamaye pia.

Mwaka huu lori likirudi Sericho, nitakuwepo. Nitalifasiri swali lake lote, nami nitangoja jibu.